Macho ya Mstari wa Mbele

Mtu yule aliingia na bunduki begani, akaketi mstari wa mbele, akailaza mapajani, kisha akamkazia macho mwenyekiti wa kamati ya bunge la jimbo, Bi. Marlys Tuttle.

Marlys alimwita askari wa mlangoni, akamnong'oneza, "Huyo umempitishaje?"

"Ana kibali, mama. Bunduki ndefu inaruhusiwa mpaka humu bungeni. Sasa mimi nifanyeje?"

Kweli, sheria ya jimbo ndiyo hiyo. Mswada uliokuwa mezani ulitaka kuongeza: hata zile za mtutu mfupi, ambazo serikali kuu huzisajili moja moja, raia atembee nazo, akipenda hata chini ya koti. Wajumbe wanne waliutaka, wanne hawakuutaka. Kura ya Marlys ndiyo ingekata mzizi wa fitina.

Naye alikwisha kutoa neno lake. Alimwahidi Noreen Haskett, mama aliyeuliwa binti yake, Tessa, kwa bunduki fupi kama hizo, kwamba atasema hapana. Lakini tangu Jumatatu simu yake ilikuwa haitulii. Sauti ya mwanamume, ile ile kila mara: "Kura yako tutakuja kuiona kwa macho yetu, bibi." Haya, leo wamekuja!

"Vipi, Marlys?" Dale, mjumbe aliyeketi pembeni yake, alimtania. "Nje theluji mpaka magotini, wewe jasho linakutiririka?"

"Hebu nyamaza, Dale."

Noreen akaitwa kutoa ushahidi. Alisema polepole, bila karatasi, kwamba binti yake alikwenda dukani kununua maziwa, na silaha hakuiona mpaka koti la muuaji lilipofunuliwa. Watu wakainamisha vichwa. Yule mtu hakuinamisha chake. Hata Noreen alipompita akirudi kitini, hakubandua macho kwa Marlys, na mkono wake ulikuwa pale pale kwenye kitako cha bunduki.

Marlys aliwawaza wajukuu zake. Aliiwaza na njia ya kwenda kwake shambani, isiyo na jirani wala taa. Alijiona mwoga, akajichukia kwelikweli.

Karani akaanza kuita majina. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo. Wakaenda hivyo mpaka zikawa nne kwa nne.

"Mwenyekiti?"

Yule mtu akajisogeza mbele kitini.

"Ndiyo," alisema Marlys, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuitambua.

Makofi yakalipuka nyuma ya ukumbi. Yule mtu akasimama, akaja moja kwa moja mpaka mezani. Marlys akafumba macho. Alipofumbua, bunduki ilikuwa imelazwa sakafuni, askari ameikanyaga, na yule mtu analia kama mtoto.

"Nilitaka uionje hofu kidogo tu, mama," alisema, kwa sauti ile ile ya kwenye simu. "Nilijua ukiionja, utaukataa mswada."

Noreen alikuwa amekwisha kufika nyuma yake. Hakumtazama Marlys. Alimshika yule mtu mkono.

"Twende nyumbani, Baba Tessa."