Mafua ya Mama Salha

Dawa ya utulivu hutoka kwenye matundu ya ukutani mchana kutwa, kila nyumba, na hufanya kazi ikivutwa puani tu. Ndiyo maana mafua yalinivuruga. Pua iliziba kabisa, na kufika adhuhuri nilikuwa sikaliki: nafagia palipokwisha kufagiwa, nafunua sufuria isiyo na kitu. Ndipo nikamsikia binti yetu mdogo, Salha, akipumua. Kifua chake kilikwaruza kama jembe kwenye changarawe.

"Ameanza lini hivi?" nilimuuliza mume wangu, Makame.

Alikuwa mkekani, anamenya chungwa. "Tangu Ramadhani. Si wewe uliyesema anaimba usingizini?"

Kweli, nilisema. Na nilicheka.

"Midomo yake imekuwa ya buluu, Makame. Twende hospitali sasa hivi."

"Tutakwenda, mama Salha, haraka ya nini? Nimekuchemshia mkaratusi, jifukize kwanza. Pua ikizibuka utajisikia vizuri." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitia hofu zaidi.

Sikujifukiza. Nilimfunga Salha mgongoni kwa kanga, nikavaa kiatu kimoja, nikainama uvunguni kutafuta cha pili. Vumbi likaniingia, nikapiga chafya kubwa.

Nilipoinuka nikasikia harufu ya chungwa.

Ilikuwa tamu ajabu. Makame alisogea, akanipa kipande. Nikaketi nile kwanza. Mgongoni, Salha alikuwa anaimba.