Kucha za Paka wa Bi Sumie

Paka alinikwaruza mara mbili kabla sijamaliza kumkata kucha. Ndiyo kazi yangu hapa Nagasaki, kuwazungukia wazee wasioweza tena kuhudumia wanyama wao. Simu ilitetema mfukoni. Nyumba inayofuata ilikuwa juu kabisa ya ngazi za mlimani.

"Kunywa chai kwanza," alisema Bi Sumie.

"Siku nyingine, bibi. Nimechelewa."

Nilikuwa mlangoni, mguu mmoja umeshaingia kiatuni. Yeye alibaki palepale kwenye mkeka, akahangaika na soksi yake mpaka ikatoka. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ulikuwa umejikunja hadi kuzama nyamani.

"Kuna mwingine wa kukatwa kucha," alisema bila kunitazama. "Huyu ni mzee. Hakwaruzi."