Buti za Kikosi cha Nyoka

Siku mbili kabla ya mwaka kwisha, Ngiri, mkuu wa kikosi cha Nyoka, aliona fungu lake la fedha bado limebaki. Akanunua buti jozi mia nne.

Chatu, askari wake, akauliza, "Afande, buti tutavaa wapi? Tunachohitaji ni kuchimba mahandaki mapya, haya yamejaa maji."

"Kuchimba ni kazi ya miezi, buti zinafika kesho. Weka alama ya mkia hapa kwamba umepokea."

Kobe, mkuu wa kikosi jirani, alirudisha kilichobaki katika fungu lake kwa Mfalme Tembo.

"Kumbe huyu hana shida," alisema Tembo, akapunguza fungu la Kobe kwa nusu, nusu hiyo akamwongezea Ngiri.

Chatu alifurahi. "Sasa tutachimba mahandaki, afande?"

"Mahandaki baadaye," alisema Ngiri. "Kwanza soksi."