Udongo wa Kwao

Jembe la Akeyo liligonga kitu kigumu ndani ya tope, palepale mlangoni pa nyumba yake.

Mafuriko yalikuwa yamepita Ahero na kuacha shamba zima la mpunga limefunikwa udongo mwekundu. Huku bondeni ardhi ni nyeusi. Akeyo aliujua udongo ule. Ulikuwa wa kwao mlimani, ambako kaka zake walikata miti yote ya mteremkoni wakachoma makaa, hadi maji ya mvua yakakosa cha kuyazuia.

Aliinama, akapangusa tope kwa kiganja. Kilikuwa kishikio cha jeneza. Kimefungwa kitambaa cha buluu, kipande cha leso alichokirarua yeye mwenyewe siku waliyomzika mama yake kule mlimani.

Fundo lilikuwa bado limekaza.

“Baba watoto,” aliita kwa sauti ndogo. “Njoo uone.”

Mumewe alitazama, akavua kofia, akageuza uso upesi, kama alivyozoea kufanya mbele ya mama mkwe. Akiwa hai, mama yule aliwatembelea mara nyingi, na kila mara aliondoka kabla ya giza. Kwa mila yao, mama hawezi kulala kwa mume wa binti yake.

“Asilale hapa, Akeyo,” alisema. “Jua linazama.”

Akeyo alikivuta kishikio. Kikachomoka chepesi, bila jeneza.

Ndipo wote wawili wakaona jinsi tope lile jekundu lilivyovuka kizingiti, likaelekea chumbani kwao.