Ladha ya Ugoro Mlangoni

Siku hizi mtu huingia kwake kwa kulamba kibao cha mlangoni. Kila asubuhi na jioni mume na mke hukilamba wote wawili, na kwa mate yao nyumba hujitungia ufunguo mpya, ule wa zamani ukafa. Programu ya vibao hivyo aliiandika Salhina mwenyewe, huko kazini kwake. Mwanzoni kila ufunguo ulipobadilishwa nyumba iliuliza, "Wewe nani?" Watu wakalalamika kwamba inawachelewesha, naye akaliondoa swali. Aliyekwisha kuwa ndani, alisema, hawezi kuwa mgeni.

Jioni hiyo alitoka kazini, akainama, akalamba. Kibao kilikuwa na utelezi wa vuguvugu, na ladha ya ugoro ikampanda puani. Mla ugoro humo ndani alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake, Bi Siwatu, aliyekuja kwa siku tatu na sasa anamaliza mwezi.

Mlango haukufunguka.

"Habibu," alimwita mumewe huku akitema mate, "nani amelamba hapa?"

"Ulichelewa, mke wangu. Muda ulifika, mama akanisaidia."

"Basi nifungulie."

Nyumba ndiyo iliyojibu, kwa upole:

"Mgeni, subiri kidogo. Mume na mke wanakula."