Kitanda Chini ya Bomba

Katika mji wa Lusungo, fundi akifunga kishikizo kinacholibeba bomba la mvuke, ni lazima ahamie na watu wake katika nyumba inayopitiwa na bomba hilo. Ndiyo sheria.

Asubuhi moja ya baridi Tusekile alipanda ngazi ndani ya nyumba mpya, hadi kwenye flanji, pale mabomba mawili yanapokutana na kubanwa kwa bolti. Kishikizo kilipaswa kufungwa kwa bolti hizo hizo.

"Ni fupi," alisema. "Nati zinashika nusu tu."

"Zitatosha, dada," alijibu Ambilikile, fundi mwenzake. "Tutachelewa."

"Mama yangu atalala hapa chini."

Ambilikile akaenda kuleta bolti ndefu. Wakazibadilisha moja baada ya nyingine, maungio yasije yakalegea.

Alasiri mama aliingia, akaketi kitandani, akaliinulia macho bomba.

"Ndiyo kazi yako hii?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitalala."

Mvuke ulipofunguliwa, joto lilienea chumbani taratibu, na mama, aliyekohoa kipupwe kizima, akavua shali lake.

Tusekile akatoka kibarazani, moyo mweupe. Nyumba ya pili, Mwakalinga, fundi kama yeye, alikuwa akiviondoa vitanda vya watoto wake chini ya bomba alilolifunga mwenyewe, akivipeleka uani kimoja kimoja, bila kumtazama mtu.

Tusekile akarudi ndani kuchukua spana.

"Kaka Mwakalinga," aliita, "twende tukalitazame bomba lako pamoja."

Mwakalinga alilitua godoro lililokuwa begani. Kisha akamfungulia mlango.