Aondoke Leo Hii

"Tumevumilia vya kutosha. Aondoke leo hii!"

Ujumbe wa mwenyekiti uliingia kwenye kundi la wapangaji saa moja asubuhi, bila salamu, bila kumtaja anayetakiwa kuondoka. Kisha akazima simu, akaingia kwa daktari wa meno. Jana yake jioni alipanda ngazi akichechemea, soksi zimejaa tope, mdomo umevimba, hata shikamoo hakuitikia. Kwa hiyo wote walijua ana hasira, na hasira ya mwenyekiti haiachwi ipoe peke yake.

Wa kwanza kujibu ni mwalimu wa ghorofa ya pili, mtu asiyeweza kumfokea hata paka, akaandika: "Mimi nilikuwa naogopa tu kusema. Analala kazini."

Analala kazini! Basi ni mlinzi, nani mwingine?

"Tena ananuna," akaandika Mama Pacha, ambaye juzi tu mlinzi alimbebea mtungi wa gesi hadi ghorofa ya nne.

"Mwizi mkubwa," akaongeza mwanasheria, ambaye hajawahi kuibiwa hata kandambili. Ushahidi hakuna aliyeuulizia. Ushahidi ni mambo ya mahakamani, na hapa palikuwa kwenye simu.

Ghorofa ya tatu, mshonaji alisimamisha cherehani. Alijua kabisa mlinzi halali. Kila alfajiri akiamka kushona alimwona chini akizunguka na tochi. Alijua pia kwamba mke wa mlinzi amejifungua wiki iliyopita, maana nguo za mtoto alizishona yeye. Akaandika: "Jamani, tumsikilize kwanza." Kabla hajatuma, akatazama juu: ujumbe arobaini na mmoja, ngumi, moto, vidole gumba. Akafuta. Akaona heri afunike kombe mwanaharamu apite.

"Kweli kabisa," akatuma. Aibu ikamshika hadi masikioni, akarudi kwenye pindo lake.

Tatizo lilikuwa dogo tu: mlinzi naye yumo kwenye kundi. Wao wenyewe walimwingiza, awe anawatangazia maji yakikatika.

Saa nne akaandika: "Nimewaelewa. Funguo nimeziacha mezani." Mshonaji alichungulia dirishani, akamwona anavuka barabara na kiti chake cha plastiki kichwani. Kwenye simu, kundi lilimsindikiza kwa makofi ya kuchorwa.

Saa sita mwenyekiti akarudi, akawasha simu akiwa getini.

"Jamani samahani, asubuhi nilikosea kundi. Ule ujumbe ulikuwa wa timu yetu ya mpira ya maveterani, kuhusu golikipa. Halafu, mbona mlinzi simwoni?"

Wa kwanza kujibu, tena, akawa mwalimu: "Huyo golikipa mimi nilikuwa naogopa tu kusema."